Mashine ya kuchomelea: nilikuwa nauliza ukubwa, kumbe swali ni wembamba

Nimekuwa kimya hapa kwa majuma kadhaa. Wale mliozoea kuja kusoma habari za Python, hifadhidata na seva zinazozimika usiku wa manane mtanivumilia, maana leo siandiki juu ya kompyuta. Leo naandika juu ya mashine ya kuchomelea chuma, juu ya mlango wa kibanda cha mama yangu mjini Migori, na juu ya gari la ng'ombe la mjomba wangu kule Homa Bay, ambalo nusura limponde mtoto kwa sababu yangu.

Mimi ni mtu wa programu. Nilisoma sayansi ya kompyuta chuo kikuu, na kwa miaka michache sasa nafanya kazi nikiwa nyumbani Migori, kwa watu ambao wengi wao sijawahi kuwaona ana kwa ana. Kazi hii ina raha zake lakini ina ugonjwa wake pia: jioni ikifika huna kitu cha kushika. Umeandika mistari mia mbili, umefuta mia tatu, na jirani akikuuliza umefanya nini leo huna la kumwonyesha. Basi mwaka jana wezi walipovunja mlango wa kibanda ambamo mama huuza mahindi na maharagwe, nikajisemea kwamba mlango huu nitautengeneza mwenyewe. Nilikuwa na shilingi 20,000 za akiba, na kiburi cha mtu aliyetazama video nyingi za YouTube.

Kosa la kwanza: kununua ukubwa

Kila nilikokwenda niliuliza swali moja: mashine ipi ni kubwa? Nilidhani mambo ni kama kwenye kompyuta, kwamba kumbukumbu ikizidi hakuna anayelalamika. Niliamini mwenye mashine kubwa anaweza kuchomelea kikubwa na kidogo.

Nikanunua mtumba. Ilikuwa mashine ya kienyeji iliyoundwa na mafundi wa jua kali: nyaya nene za shaba zimezungushwa kwenye kiini cha mabamba ya chuma, zikawekwa ndani ya sanduku lenye magurudumu. Kuipakia kwenye probox kulihitaji watu wawili. Haikuwa na kitufe cha kuzungusha. Ilikuwa na matundu matatu ya kuchomeka kebo: dogo, la kati na kubwa. Sitaki mtu azidharau mashine hizi. Mageti mengi, vitanda vingi na trela nyingi unazoziona Nyanza zimetoka mikononi mwake, na ikiharibika fundi huizungusha upya papo hapo chini ya mwembe.

Mlango wa mama ulikuwa wa tyubu ya mraba ya geji 16 na karatasi ya chuma ya geji 18. Kwa wasiojua, geji huhesabiwa kinyume: namba ikipanda, chuma kinakuwa chembamba zaidi. Geji 16 ni kama milimita 1.6, geji 18 ni kama milimita 1.2, na bati la paa la geji 30 ni kama milimita 0.3 tu. Nikachomeka kebo kwenye tundu dogo, nikagusisha kijiti. Mwanga, moshi, na shimo. Nikasogea kidogo. Shimo jingine. Nikajaribu kuliziba la kwanza, likawa kubwa zaidi. Kila nilipoanza, taa za nyumba zilififia, na baada ya muda breka ikaruka, tukabaki gizani.

Mama akatoka na tochi ya simu. Akamulika mlango kutoka juu hadi chini bila kusema neno. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mlango huu ni wa kuzuia wezi au wa kuchuja chai?"

Kumbe tundu dogo la mashine ile lilikuwa bado linatoa mkondo mwingi kuliko chuma kile kilivyoweza kuhimili. Mashine ilikuwa na nguvu tele. Ilichokosa ni kujua kupunguza. Usiku ule kibanda kililindwa na kufuli, mbao mbili na mimi mwenyewe nikiwa nimelala juu ya magunia.

Chaja ya simu iliyokua

Niliiuza ile mashine kwa hasara ndogo, safari hii nikasoma kabla ya kutoa pesa. Nilikutana na inveta, na hapa ndipo mtu wa kompyuta aliye ndani yangu alipochangamka.

Umeme wa Kenya Power unaofika nyumbani hugeuza mwelekeo mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa mwendo huo wa polepole transfoma inahitaji kiini kikubwa na kizito. Inveta hufanya ujanja: kwanza huunyoosha umeme uende upande mmoja, halafu transista huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa kasi hiyo transfoma ndogo sana inatosha. Siri ni ile ile iliyofanya chaja ya simu yako iwe nyepesi, wakati adapta za redio za zamani zilikuwa nzito kama tofali. Mwaka 1977 kampuni ya Kemppi ya Ufini ilitoa mashine ya kuchomelea ya aina hii, na leo inveta ya kilo tano unaibeba begani kama mkoba wa shule. Zaidi ya wepesi, unapata kitufe cha kuzungusha kinachoshuka hadi ampia 20 au 30, tena mkondo wake hautetemeki.

Lakini tahadhari. Dukani nilionyeshwa mashine ndogo iliyoandikwa 300 kwa herufi kubwa, ikiwa na plagi ya kawaida ya ampia 13. Hapa, ndugu msomaji, toa kalamu tufanye hesabu pamoja.

Katika kuchomelea kwa vijiti, viwango vya kimataifa hukadiria volti kwa kanuni hii: 20 jumlisha 0.04 mara ampia. Ukichomelea kwa ampia 80, volti ni 23.2, na nguvu ni wati 1,856. Ongeza kinachopotea ndani ya mashine, unafika wati kama 2,200. Tena inveta nyingi za bei nafuu huvuta umeme kwa mikupuo badala ya kuuvuta sawasawa, kwa hiyo waya wa nyumba hubeba mzigo unaokaribia 3,000. Plagi ya ampia 13 kwenye volti 240 ina mwisho wa 3,120. Maana yake ni kwamba soketi ya kawaida ya sebuleni inakufikisha kwenye ampia 80 hivi za kuchomelea, na hapo umefika ukingoni.

Sasa zile 300. Volti 32 mara ampia 300 ni wati 9,600 kabla hujahesabu chochote kinachopotea. Wati 9,600 zitapitaje kwenye plagi ya 3,120? Hazipiti. Namba ya nje ya sanduku ni tangazo. Geuza mashine utafute kibandiko cha nyuma, kile chenye maandishi madogo. Hapo utakuta ampia za chini kabisa, ampia za juu kabisa, mkondo unaovutwa kutoka ukutani, na asilimia ya muda wa kazi. Asilimia hiyo huhesabiwa kwa dakika kumi: ukiona 160 kwa asilimia 60, inamaanisha unaweza kuchomelea kwa ampia 160 dakika sita, kisha uiache ipoe dakika nne. Kama kibandiko hakipo, rudisha mashine kwenye rafu.

Nikachukua inveta ya ampia 160 yenye kibandiko kinachoeleweka. Kwa vijiti vyembamba vya milimita 2.0 na ampia 45, nikichomelea nukta moja hapa, moja kule, nikisubiri wekundu upotee kabla ya kurudi, mlango wa mama ulikamilika kwa jioni mbili. Mama akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. Hakusema kitu, lakini siku iliyofuata nilikuta chapati.

Kosa la pili: kuamini macho

Habari za mlango zilinitangulia hadi Homa Bay. Mjomba, kaka yake mama, akapiga simu. "Okewo, nasikia siku hizi wewe ni fundi." Okewo kwa Kijaluo ni mtoto wa dada, na mjomba akikuita hivyo jua kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa gari lake la ng'ombe, ambalo hubeba mchanga na maji kutoka ziwani. Bamba la chuma la milimita 6 linaloshika ule mti mrefu wa mbele, unaofika kwenye nira, lilikuwa limepasuka. Nikatia mashine kwenye begi, nikapanda matatu: Awendo kwenye miwa, Rongo, kisha tukaacha barabara kuu na kuteremka kuelekea ziwani hadi Mlima Asego ukaonekana juu ya mji. Kwa mjomba ni mbele kidogo ya hapo, karibu na maji.

Boma lake lilikuwa limepata stima si muda mrefu, mwishoni kabisa mwa laini. Nikaunganisha ekstensheni ya mita 30, sehemu kubwa ikiwa bado imezungushwa kwenye kibiringo chake, nikaweka kijiti cha 2.5 na kuzungusha kitufe hadi 100. Nikaegemeza vipande viwili vya bamba, nikapitisha mshono mmoja juu. Nilipogonga gamba likadondoka, mshono ulikuwa umejipanga vizuri kama magamba ya ngege. Nilipiga picha. Nikaituma hata kwa wenzangu wa kazini.

Siku nne baadaye simu ikalia asubuhi. Gari lilikuwa likipanda kutoka ufukweni likiwa na mitungi ya maji. Katikati ya mteremko bamba likaachia. Ng'ombe wakabaki na mti wao, na gari likarudi nyuma lenyewe. Mjukuu wa mjomba, mtoto wa miaka sita, alikuwa anatembea nyuma yake. Alirukia kando, gari likapita na kuishia kwenye ua wa mikatani. Mitungi ilipasuka. Mtoto alichubuka goti.

Mjomba hakunifokea. Alinieleza tu kilichotokea, polepole, kisha akasema, "Basi, tutazungumza." Afadhali angenifokea. Katika kazi yangu nikikosea, seva huanguka na mtu fulani Ulaya hukosa kufungua ukurasa kwa dakika kumi. Ningeomba msamaha kwa barua pepe, ningerekebisha, yangekwisha. Hili halikuwa hivyo.

Fundi na vaisi

Nilikimbilia hitimisho rahisi: mashine ni ndogo, nahitaji kubwa zaidi. Yaani nimerudi kwenye swali lile lile la ukubwa. Nikaenda kwa fundi mmoja pale Migori ambaye wateja wake wengi ni wachimbaji wa dhahabu wa upande wa Macalder. Huyu huchomelea vinu vya kusagia mawe, chuma kinene kweli kweli. Nikamwuliza, "Fundi, kwa milimita 6 ninunue mashine gani?"

Hakunijibu. Alinipa vipande viwili vya bamba la milimita 6 na kunitaka nichomelee kwa mashine yangu kama nilivyofanya Homa Bay. Nikachomelea. Mshono ukatoka mzuri. Akaubana kwenye vaisi, akaupiga nyundo mara moja upande wa nyuma. Vipande vikaachana. Akanipa nivitazame. Chini ya ule mshono mzuri, kingo za bamba zilikuwa bado na alama za msumeno, hazikuwa zimeyeyuka hata kidogo. Chuma changu kilikuwa kimelala juu tu, kama mkate uliopakwa siagi.

"Injinia," akasema, "chuma kinene unakila kama ugali, tonge kwa tonge. Hakuna anayemeza sahani nzima. Ni chuma chembamba ndicho kinataka mashine nzuri, kwa sababu kikishatoboka huna cha kurudisha."

Alichukua grainda, akachonga kingo za vipande vingine viwili kwa mshazari, zikawa kama herufi V zikikutana, akaacha mwanya mdogo chini. Kwa mashine ile ile yangu, kijiti kile kile cha 2.5, akapitisha mshono wa kwanza chini kabisa ya V. Akagonga gamba, akasugua kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa. Mshono wa pili juu yake. Akasafisha tena. Wa tatu. Akaubana kwenye vaisi na kupiga nyundo. Bamba likapinda kama goti, mshono ukabaki.

Hapo nikaelewa jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike haya yote. Unene unaweza kugawanywa. Bamba la milimita 6, hata la 10, unaweza kulichonga ukalijaza tabaka kwa tabaka kwa mashine ya kawaida, utatumia muda na vijiti zaidi tu. Wembamba haugawanyiki. Huwezi kuchomelea nusu ya milimita 1.2 leo na nusu kesho. Kama mashine yako haiwezi kushuka, umekwama. Kwa hiyo mtu wa nyumbani akitaka kununua, asianze na namba ya juu. Aanze na namba ya chini, kisha aulize umeme wake unaweza kubeba nini.

Chagua hivi

Haya ndiyo ninayoyatumia mimi sasa, kwa vijiti vya kawaida vya 6013 ambavyo utavikuta karibu kila duka la vifaa. Namba ni za kuanzia. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

1. Bati la paa, geji 28 au 30: usichomelee kabisa. Tumia riveti au skrubu.

2. Geji 18 (mm 1.2): kijiti cha mm 2.0 au 1.6, ampia 35 hadi 50, nukta kwa nukta.

3. Geji 16 (mm 1.6): kijiti cha mm 2.0, ampia 45 hadi 60.

4. Milimita 3, kama chuma cha pembe cha fremu za mageti: kijiti cha mm 2.5, ampia 70 hadi 90.

5. Milimita 5 hadi 6: chonga kingo. Kijiti cha mm 2.5 kwa ampia 80 hadi 90 na tabaka kadhaa, au kijiti cha mm 3.2 kwa ampia 100 hadi 130 kama umeme wako unaruhusu.

6. Milimita 10 na zaidi: chonga pande zote mbili ukiweza, kijiti cha mm 3.2, tabaka nyingi. Kama kitu hicho kitabeba watu, mpe fundi mzoefu.

Ukichanganya kinene na chembamba, kwa mfano bawaba nene kwenye karatasi ya geji 18, elekeza moto kwenye kile kinene na uuache uteleze kuelekea kile chembamba. Kama mashine yako ni inveta, unaweza pia kubadilisha kebo ili kijiti kiwe upande hasi. Kwa 6013 hilo hupunguza kuzama kwa moto, na karatasi nyembamba hupona.

Mtaniuliza, mbona si MIG, ile inayosukuma waya wenyewe kutoka kwenye kibiringo? Ni swali zuri. Kama kazi yako ni bodi za magari, ambazo nyingi hazifiki hata milimita moja, basi MIG yenye waya wa 0.6 ndiyo yako, wala usihangaike na vijiti. Lakini MIG ya gesi inataka silinda, silinda inataka kujazwa, na mimi niliambiwa nikajazie Kisumu. Halafu kule kwa mjomba upepo wa ziwani mchana hauombi ruhusa, na gesi ikipeperushwa mshono unajaa vitundu kama sponji. Kuna waya wenye unga ndani usiohitaji gesi, huo unavumilia upepo, ila lazima ubadilishe kebo bunduki iwe upande hasi, na karatasi nyembamba sana huitoboa kwa urahisi. Kwa mtu mwenye mlango, dirisha, banda la kuku na gari la ng'ombe, vijiti vinatosha.

Umeme ni nusu ya mashine

Nilirudi Homa Bay wiki iliyofuata nikiwa na mita ya umeme, kitu ambacho ningepaswa kwenda nacho mara ya kwanza. Soketi ya mjomba ilisoma volti 198 kabla sijawasha chochote. Nilipoanza kuchomelea ikashuka hadi 171. Ekstensheni yangu nayo ilikuwa na waya wa 1.5. Waya huo, kwa mita 30 na mzigo wa ampia 15, hula volti kama 13 peke yake. Kwa hiyo zile ampia 100 nilizozisoma kwenye kitufe hazikuwa 100. Nilisoma namba niliyoomba, nikadhani ni namba niliyopewa. Mtu yeyote aliyewahi kuandika programu inayoongea na mtandao anajua tofauti ya mambo hayo mawili, na bado nilinaswa.

Kwa hiyo: nunua ekstensheni fupi yenye waya wa 2.5, na uifungue yote kabla ya kuanza. Ikibaki imezungushwa hupata joto, na plastiki yake huweza kuyeyuka. Kama utatumia ampia zaidi ya 80 mara kwa mara, mwite fundi wa umeme akuwekee laini yake na breka yake. Mashine ikipewa ampia 160 zake zote itavuta karibu ampia 30 kutoka ukutani, na soketi ya sebuleni haikuundwa kwa hilo.

Mambo matatu ya haraka kabla sijasahau. La kwanza, macho. Miwani ya jua si kinga. Nilichomelea nayo siku ya kwanza, na saa nane usiku nikaamka nikihisi mtu amenimwagia mchanga machoni. Nunua ngao ya uso yenye kioo namba 10 au 11, na usiache watoto watazame. La pili, chuma kilichopakwa zinki, kama mabomba yanayotumika kwenye vizimba vya samaki ziwani. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chuma huyeyuka karibu 1,500, kwa hiyo zinki yote inageuka moshi mweupe kabla chuma hakijashikana. Ukiuvuta utapata homa na kutetemeka usiku. Isugue zinki itoke kwanza, na fanya kazi mahali penye hewa. La tatu, usichomelee pipa au tangi lililowahi kubeba petroli au dizeli, hata kama limekauka. Mvuke uliobaki unatosha kulipua.

Gari la ng'ombe

Mara ya pili nilitumia siku nzima kwa kazi ambayo mara ya kwanza niliimaliza kwa nusu saa. Nilichonga kingo hadi ziking'aa. Niliweka vipande vya majaribio kando, nikavichomelea kwa umeme ule ule wa mjomba na ekstensheni ile mpya, nikavipiga nyundo. Cha kwanza kilivunjika. Nikaongeza mkondo, nikafupisha mwanya kati ya kijiti na chuma. Cha pili kikapinda bila kuvunjika. Ndipo nikagusa gari. Tabaka tatu mbele, tabaka tatu nyuma, na kipande cha chuma cha pembe kama mkono wa kusaidia. Mshono haukuwa mzuri. Ulikuwa na mabonde, na sikupiga picha.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda muda wote, akitazama pembeni kila nilipowasha, kama nilivyomwagiza. Nilipomaliza aliinuka, akafunga ng'ombe, akatuma vijana wajaze mitungi ufukweni. Mitungi mingi kuliko ya siku ile. Mtoto alitaka kufuata, goti likiwa bado na kidonda, babu yake akamwambia abaki.

Kisha akanigeukia. "Okewo, safari hii nyuma utatembea wewe."

Nikatembea. Ule mteremko si mrefu, labda mita mia moja, lakini niliuhesabu hatua kwa hatua, macho yangu chini ya gari, kwenye bamba, nikisikiliza kila mlio wa chuma. Ng'ombe wakavuta, magurudumu yakapanda jiwe, bamba likalia kidogo, likashika. Tulipofika juu mjomba hakusimama hata kidogo. Akaendelea hadi nyumbani, nami nyuma yake.

Gari linafanya kazi mpaka leo ninapoandika haya. Kila nikienda Homa Bay jambo la kwanza ni kuinama na kulikagua, kabla hata ya kunywa chai. Mashine bado ni ile ile ya ampia 160, na sijanunua kubwa zaidi.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Mkinunua mashine, someni kibandiko cha nyuma.